Kitanda cha Mzee Mwero

Munyoki alizoea kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, huko Diani. Kila siku alivaa shati jeupe, akasukuma kigari chake cha mashuka, akatandika vitanda ishirini. Alijua kutandika. Shuka lake halikuwa na mkunjo hata mmoja. Wageni walimpenda. Walimwita kwa jina, wakapiga picha naye, kisha wakaenda zao.

Kwake kulikuwa juu, katika vilima vya Shimba. Marehemu baba yake alitoka Kitui zamani, akapata shamba huko pamoja na Wakamba wengine. Hapo ndipo Munyoki alipomwacha mkewe, Nzisa, na watoto wao wawili. Kalondu alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Mbithi alikuwa mvulana wa miaka kumi. Kutoka Diani hadi huko si mbali sana, lakini zamu za hoteli hazimwangalii mtu kwao ni wapi. Munyoki alikuja nyumbani siku mbili kwa mwezi, na mwezi mwingine hakuja kabisa.

Kisha mambo yakageuka. Palitokea fujo pwani, watu wakahama makwao. Baada ya fujo zikaja mvua kubwa zilizokata barabara. Wageni wakaadimika. Mwezi wa tano, mwaka wa 1998, hoteli ilifunga milango yake. Munyoki akarudi nyumbani na begi moja.

Alidhani kurudi kutakuwa furaha tupu, na siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Siku ya pili Nzisa alimwekea kiti chenye mto, akamletea chai katika kikombe chenye kisahani. Watoto walikuja kusema shikamoo. Walisimama mbele yake, mikono nyuma, wakisubiri ruhusa ya kuondoka. Alipowaruhusu, waliondoka mbio.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kikombe na kisahani viliendelea kuja. Jioni Munyoki alikula peke yake sebuleni. Watoto walikula mapema, wakarudi kwenye vitabu vyao. Nzisa alikula jikoni, ameketi juu ya kibao cha kukunia nazi, uso wake umeelekea moto, amechoka hata kutafuna. Nyumba ilikuwa na watu wanne, na kila mmoja wao alikuwa peke yake.

Siku moja Munyoki alisikia kicheko kikitoka jikoni. Mbithi alikuwa akimwiga mwalimu wake wa hesabu, na dada yake alikuwa akicheka hadi kukohoa. Munyoki akasimama, aende akacheke nao. Alipofika mlangoni, kicheko kilikatika.

"Baba, unataka maji?" Kalondu aliuliza.

Aliuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni. Munyoki alisema ndiyo, ingawa hakuwa na kiu. Akayanywa akiwa amesimama, akarudi kwenye kiti chake.

Alipomweleza mkewe, Nzisa alisema watoto wanampenda, ila hawajamzoea. Nzisa mwenyewe hakuwa na muda wa maneno mengi. Alilima, alichota maji, alitafuta kuni, alipika, alifua, na siku za gulio alibeba machungwa sokoni. Watoto hawakumsaidia, na yeye hakutaka wamsaidie. Yeye aliachishwa shule darasa la nne ili abebe maji. Aliapa kwamba wanawe hawatabeba kitu isipokuwa kalamu.

Jirani yao wa karibu alikuwa Mzee Mwero, Mduruma mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya kwenda shule. Mwezi wa nne Mzee Mwero alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na ulimi ukawa mzito, maneno hayatoki. Alilazwa hospitali majuma mawili, kisha akaruhusiwa. Wanawe walikuwa mbali wakitafuta riziki. Aliyebaki kumwuguza ni mkewe, Bibi Jumwa, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu. Munyoki alijua habari hizo. Kila alipopita alipunga mkono, akaita, "Hamjambo huko?" akaenda zake.

Alhamisi moja, karibu na adhuhuri, Munyoki alikuwa akipita pale na panga, anakwenda kukata fito za ua. Alisikia sauti ndani ya nyumba. Haikuwa sauti ya kuita. Ilikuwa kama mtu anayejisemesha mwenyewe. Alipiga hodi, akaingia.

Mzee Mwero alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Kichwa kilikuwa kimeegemea mguu wa kitanda. Bibi Jumwa alikuwa ameketi chini kando yake, amemshika mkono, anamwambia mambo ya zamani ili asiogope.

"Ameanguka tangu asubuhi," alisema. "Nimemvuta nimeshindwa, mwanangu. Mgongo wangu haunitii tena."

Munyoki aliweka panga chini. Alimwinua mzee, akamrudisha kitandani. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Shuka lilikuwa limelowa na kujikunja kama kamba. Kulikuwa na harufu. Juu kidogo ya makalio, mahali mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda chekundu chenye upana wa kifuniko cha chupa.

Aliuliza kwa nini hakuita mtu. Bibi Jumwa alisita.

"Niliita," alisema. "Wanafunzi wawili walikuwa wanapita. Walinisalimu vizuri, walisema shikamoo. Nikawaomba wanisaidie kumwinua babu yao. Wakaniambia wamechelewa shule."

"Wanafunzi gani?"

"Ni watoto tu, mwanangu. Usiulize."

Munyoki hakuuliza tena. Njia ile ilitoka kwenye shamba lake, na wanafunzi wanaoitumia walikuwa wawili tu.

Hakwenda tena kukata fito. Alitembea hadi zahanati, mwendo wa nusu saa, akamtafuta Eunice. Eunice Karisa alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alizunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, na watu walimwita daktari ingawa yeye alikataa jina hilo. Walirudi pamoja.

Eunice alikiangalia kidonda kwa muda mrefu. Aliwaeleza kwamba hicho ni kidonda cha kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza hulalia mahali pamoja. Damu haipiti pale, ngozi inakufa. Unyevu na mikunjo ya shuka huharakisha jambo hilo. Kidonda hiki bado hakijaingia ndani. Kisafishwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Kikitoa usaha, au mgonjwa akipata homa, apelekwe hospitali bila kungoja.

"Lakini dawa kubwa ni kumgeuza," alisema. "Kila baada ya saa mbili. Ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Na kidonda kisilaliwe hata kidogo mpaka kipone, kwa hiyo chali tuiache kwanza. Shuka liwe kavu, limenyooka. Uji apewe akiwa ameketi, kijiko kidogo, mnangoja ameze. Vidonge vya presha asikose hata siku moja. Na mumsemeshe. Ulimi wake umefungwa, masikio yake yako wazi."

Bibi Jumwa alisikiliza, mikono mapajani. Mwishowe alisema yote ni mema, lakini yeye ni mmoja.

Jioni hiyo Munyoki aliwasimamisha watoto wake mbele ya kiti chenye mto. Aliwagombeza kwa maneno makali ambayo hakuwahi kuyatumia kwao. Mbithi alilia. Kalondu hakulia, alitazama chini. Munyoki akawaamuru: kuanzia kesho, kila siku wakitoka shule, waende kwa Mzee Mwero wakafanye kazi. Nzisa alisimama mlangoni, hakupenda. Alisema watoto wana mitihani. Munyoki alisema amekwisha sema.

Watoto walikwenda. Siku ya kwanza walirudi baada ya muda mfupi. Siku ya pili walirudi upesi zaidi. Munyoki aliridhika. Aliketi kwenye kiti chake akajiona baba. Lakini usiku wa pili hakupata usingizi, hakujua kwa nini.

Siku ya nne Eunice alikuja na baiskeli yake moja kwa moja hadi uani kwa Munyoki. Alikuwa ametoka kwa Mzee Mwero. Alisema kidonda kimepanuka.

"Lakini nimewatuma watoto," Munyoki alisema.

Eunice alisema amesikia. Watoto wanafika, wanasema hodi, wanaacha mtungi wa maji mlangoni, wanakimbia. Bibi Jumwa hataki kuwasema. Yeye anashukuru hata kwa maji.

Munyoki aliruka kusimama. Alitazama huku na huku, akakata ufito wa mpera uliokuwa karibu na jikoni, akaanza kuuchuna majani. Eunice alimtazama akichuna.

"Baba Kalondu," alisema, "wewe umerudi nyumbani lini?"

"Wiki ya tano hii."

"Kabla ya Alhamisi ile, uliingia kwa Mzee Mwero mara ngapi?"

 Mkono wa Munyoki ulisita kwenye ufito.

"Na baada ya Alhamisi?"

 Munyoki hakuwa ameingia hata mara moja.

Eunice aliegemeza baiskeli yake ukutani, akaketi juu ya kizingiti bila kukaribishwa. Alisema hakuja kumwaibisha. Alisema watoto hawa wana adabu, wanajua shikamoo na asante. Kitu wasichokijua ni jinsi ya kumshika mgonjwa. Wanaogopa harufu, wanaogopa mdomo uliopinda, wanaogopa kukosea. Hakuna aliyewaonyesha. Hawajawahi kumwona baba yao akimlisha mtu, kwa sababu baba yao alikuwa akihudumia watu mahali wasipoweza kumwona. Mama yao wamemwona akifanya kazi zote peke yake, wakadhani kazi zote ni za mama.

"Mtoto hatumwi kwenye huruma," alisema Eunice. "Hupelekwa. Unamshika mkono, unakwenda naye, unafanya naye. Siku moja anakwenda bila wewe."

Nzisa alikuwa jikoni, na alisikia kila neno. Alitoka akifuta mikono kwa leso. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye alitaka tu wasome. Eunice alimjibu kwa heshima kwamba nusu saa ya kazi haimnyimi mtoto masomo. Kinachomnyima ni kubebeshwa kazi kutwa, kama alivyobebeshwa Nzisa. Mpe mtoto kazi moja, iwe yake, aijue na aimalize. Usimlipe, wala usimsifu kupita kiasi. Mshukuru kama unavyomshukuru mtu mzima.

Munyoki aliuweka ufito chini.

Siku hiyo watoto walipotoka shule, walimkuta baba yao njiani, karibu na nyumba ya Mzee Mwero. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Aliwaambia maneno machache. Alisema aliwakosea kwa kuwatuma mahali ambapo yeye mwenyewe hakwenda. Leo wataingia pamoja. Kalondu aliinua macho, akamtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona.

Eunice alikuwa ndani, anawangoja. Aliwaonyesha jinsi ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado kitandani. Unamgeuza upande mmoja. Unakunja shuka chafu mpaka mgongoni kwake, unatandika shuka safi nyuma yake. Unamgeuza upande wa pili juu ya mkunjo, unavuta lile chafu, unanyoosha lile safi. Munyoki alitazama mara moja tu. Kisha mikono yake ikaendelea yenyewe. Alivuta kona, akaikunja, akaichomeka. Alipitisha kiganja juu ya shuka, mkunjo mmoja baada ya mwingine ukapotea. Alimgeuza mzee taratibu, akamweka mto kati ya magoti ili mifupa isisuguane.

Watoto walisimama wakimwangalia. Kwa miaka yote waliyoishi walijua tu kwamba baba anafanya kazi hoteli. Hawakuwahi kujua kazi yenyewe inafananaje.

Kalondu alipewa uji. Alimketisha babu kwa mito, akachota kijiko kidogo, akangoja ameze. Uji mwingine ulimwagika kwenye kidevu. Aliufuta kwa kitambaa, akachota tena. 

Kwa Mbithi mambo yalikuwa magumu. Alipoona kidonda kikisafishwa, alishika mdomo akatoka nje mbio. Munyoki alimaliza kufunga kitambaa, akanawa mikono kwa sabuni, akamfuata. Mbithi alikuwa nyuma ya nyumba, ametapika, anangoja kugombezwa.

Munyoki alichuchumaa kando yake. Hakumgombeza. Alimsimulia juu ya wiki yake ya kwanza hotelini. Mgeni mmoja alikuwa amelewa, akachafua chumba kizima, kitanda na zulia. Munyoki alipofungua mlango alirudi nyuma. Alikwenda kujificha kwenye stoo ya mashuka, akalia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ameoa juzi, anamkumbuka mkewe.

"Halafu ulifanya nini?" Mbithi aliuliza.

"Nilifuta machozi, nikarudi. Nikafungua dirisha kwanza."

Mbithi alifikiri kidogo. Kisha akaingia ndani ya nyumba, akafungua dirisha la Mzee Mwero, lililokuwa limefungwa kwa majuma. Upepo uliingia. Bibi Jumwa alicheka. Alisema yeye alilifunga kwa kuogopa mzee asipate baridi, na asubuhi zote amekuwa akisumbuliwa na harufu.

Eunice akampa Mbithi kazi yake: mkono wa kulia wa babu. Kila siku aukunje na kuunyoosha polepole, afungue vidole kimoja kimoja, mara kumi, na huku amsemeshe. Mbithi hakujua amweleze nini mtu mzima asiyejibu. Akaanza kumweleza habari za mpira wa miguu wa darasa la nne.

Walirudi nyumbani pamoja, wote watatu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikorosho.  Karibu na nyumba Kalondu aliuliza ikiwa ni kweli hotelini hukunja taulo zikafanana na ndege. Munyoki alisema ni kweli. Akaahidi kumwonyesha. Nzisa aliwaona wakija kwa mbali, baba katikati. Aliacha kuchambua mchicha akabaki akiwatazama.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, ingawa si kwa haraka. Munyoki na Nzisa walipanga zamu za kumgeuza mzee mchana. Asubuhi Munyoki, adhuhuri Nzisa akitoka shamba, alasiri Munyoki na watoto. Usiku Bibi Jumwa mwenyewe, kwa sababu Eunice alimfundisha njia isiyotaka nguvu: kukunja goti la mgonjwa, kushika bega na nyonga, na kuvuta kuelekea kwake. Mbithi alichora karatasi ya zamu, akaibandika ukutani kwa utomvu wa mkorosho. Aliandika kwa herufi kubwa ili macho ya bibi yasipate taabu.

Nyumbani pia palibadilika. Kalondu alianza kuchota mtungi mmoja wa maji kila jioni, akasema huo ni wake. Munyoki aliacha kula sebuleni. Alikwenda jikoni, akaketi kwenye mkeka, akachambua kunde pamoja na wengine. Mara ya kwanza watoto walinyamaza. Alivumilia ule ukimya, akaendelea kuchambua. Siku ya tatu Mbithi akamwiga mwalimu wa hesabu, na baba yake alikuwapo.

Lakini upweke hauondoki kwa siku moja, kama vile kidonda hakifungi kwa siku moja. Zilikuwapo asubuhi ambazo Munyoki aliamka saa kumi na moja, akasikia nyumba imelala, akajiuliza ni nani anayemhitaji duniani. Zilikuwapo siku ambazo watoto wake walicheka jambo la zamani, la mwaka ambao yeye hakuwapo, na hakuna aliyemweleza. Aliyahesabu mambo hayo kimyakimya. Kalondu alipoota jino la kwanza, yeye alikuwa Diani. Mbithi alipovunjika mkono, yeye alikuwa Diani. Siku hizo hazitarudi. Aliwahi kumwambia Bibi Jumwa hivyo, alasiri moja, wakikunja mashuka.

Bibi Jumwa alisema anamwelewa. Alisema ndani ya mwezi mzima hakusikia sauti ya mtu nyumbani kwake isipokuwa yake mwenyewe. Wakati mwingine alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wake, kisha anajikaribisha, ili tu neno karibu lisikike.

"Sasa nabishiwa hodi na watu," alisema. "Ya jana imekwenda, mwanangu. Shika ya leo."

Mwezi wa nane kidonda kilifunga. Eunice alikishika kwa kidole, akakuta ngozi mpya, laini, yenye rangi nyepesi. Mwezi wa kumi Mzee Mwero aliweza kuketi bila mito. Siku moja Mbithi alikuwa akimnyoosha vidole huku akimsimulia jinsi timu yao ilivyofungwa mabao matatu. Mzee alifungua mdomo. Uso wote ulijikaza. Ikatoka sauti.

"Bithi," alisema.

 Bibi Jumwa, aliyekuwa mlangoni, alishika mwimo wa mlango. Miezi sita mumewe hakuwa amesema neno. Hakumwonea wivu mtoto kwa kutajwa kabla yake. Aliketi chini hapohapo akalia, na Kalondu akaketi naye, akamfutia machozi kwa leso, bila kuambiwa na mtu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, wageni walianza kurudi pwani. Hoteli ilituma ujumbe. Munyoki na Nzisa walizungumza jioni mbili. Kalondu alikuwa darasa la nane, sekondari ilikuwa mlangoni. Wakakubaliana aende, lakini kwa sharti. Munyoki alimwambia msimamizi wake kwamba atakuja nyumbani kila Jumamosi ya pili, na kama zamu haitaruhusu, basi kazi wampe mwingine. Msimamizi alikunja uso, akakubali.

Majuma mawili ya kwanza huko Diani yalikuwa marefu kuliko miaka kumi na sita iliyotangulia. Zamani hakujua anachokikosa. Sasa alijua. Alikula peke yake kwenye kitanda cha chumba cha wafanyakazi, akazihesabu saa. Sasa Mbithi yuko kwa mzee. Sasa Kalondu anatoka kisimani. Sasa wameketi mkekani.

Jumamosi ilipofika alipanda kilima karibu anakimbia. Alifika saa nane mchana. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jikoni majivu yalikuwa baridi. Aliita, hakuna aliyeitika. Kuku mmoja alipita uani, akamtazama, akaendelea na safari yake. Munyoki aliketi kwenye kizingiti, begi miguuni.  Aliona kwamba majuma mawili tu yametosha, amekuwa mtu wa nje tena.

Alikwenda kwa Mzee Mwero. Huko pia palikuwa kimya. Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri, kona zimechomekwa. Munyoki aliogopa.

Ndipo aliposikia sauti za watu kutoka ng'ambo ya kijito. Alizifuata. Kule aliishi mjane kijana aitwaye Kahaso, mwenye mtoto mchanga. Ndovu walikuwa wametoka msituni alfajiri ya siku ile, wakabomoa jiko lake na ukuta mmoja wa nyumba, wakala mihogo. Uani palikuwa na watu wapatao kumi. Nzisa alikuwa anakanyaga udongo, sketi imefungwa magotini. Mbithi alikuwa anabeba fito. Mzee Mwero alikuwa ameketi kwenye kiti kivulini, ametembea hadi pale kwa mkongojo huku Bibi Jumwa amemshika kwapa. Mkono wake wa kushoto, ule usiougua, ulikuwa umempakata mtoto wa Kahaso.

Munyoki alisimama mbali kidogo, hawajamwona. Walikuwa wakicheka jambo fulani. Alitaka kujua ni nani aliyewaita.

Kahaso alikuwa wa kwanza kumwona. Alimsogelea, akamsalimu kwa heshima, akamwambia asiwe na hasira kwa kukuta nyumba yake tupu.

"Ni Kalondu," alisema. "Alikuwa anachota maji, akaona ukuta wangu chini. Sikumwita. Aliweka mtungi, akarudi kwenu mbio, akaja na wote hawa."

Kalondu alikuwa ng'ambo ya ua, matope hadi viwikoni, anakandika ukuta karibu na mahali mama yake alipokanyaga udongo. Hakujua kwamba anatajwa. Aligeuka, akamwona baba yake amesimama na begi. Alitabasamu, lakini hakuacha kazi. Alisogea hatua moja pembeni, pakawa na nafasi ya mtu mmoja kati yake na mama yake.

Munyoki aliweka begi chini ya mti. Alivua viatu vyake vya hoteli, akavipanga kando ya begi, akakunja suruali. Kisha akaingia matopeni.